Komedi ya Mahoo inahitaji pahali pa kukosea

Siku ya soko Taveta, simama dakika tano tu karibu na mama anayeuza ndizi. Mteja ametaja bei ya kuchokoza. Mama hakasiriki. Anamwita "mwanangu", anamuuliza kama nyumbani ameacha watu salama, kisha anamwambia kwa hiyo pesa atampimia maganda. Watu wanaangua kicheko, jamaa anaona aibu, anaongeza mia. Hakuna aliyemwandikia mama yule skripti.

Naanza hapo manake nimechoka kusikia wasee wa Mahoo wakisema eti vipaji vya komedi viko Nairobi. Hata hapa vipo. Kinachokosekana ni pahali pa kukosea.

Chukua Anne Kansiime wa Uganda. Wengi wetu tulimjua kwa klipu za YouTube, ama kile kipindi cha Don't Mess With Kansiime kilichokuja Citizen TV. Yule dada anayekukazia macho mpaka unaomba msamaha kwa kosa usilolijua. Tukadhani alishika kamera siku moja akawa staa. Zii. Kabla ya hapo alikuwa mmoja tu katika kundi la Theatre Factory, lililoigiza kila wiki katika National Theatre jijini Kampala. Kundi lilipovunjika, waliobaki wakaunda Fun Factory, naye akawa nao. Kila wiki! Ukiharibu leo, wiki ijayo unarudi pale pale mbele ya watu. Klipu zake mwenyewe zilikuja baadaye.

Sisi tunataka kuanzia mwisho. Bando, taa ya duara, mtu peke yake chumbani anarudia mstari mara ishirini halafu anakata alipokosea. Sichukii klipu, zinalipa, na jukwaa la Mahoo halitamlipa mtu leo wala kesho. Lakini simu haikufundishi kunyamaziwa. Mimi nilijaribu stendapu mara moja, kwenye harusi, dakika nne. Nilipata kicheko kimoja, cha mtoto aliyeona mbwa ameingia hemani. Usiku ule nilijifunza kuliko mwaka mzima wa kuhesabu "likes".

Kuigiza papo kwa papo nako ni shule nyingine. Mwenzako akisema wewe ni askari wa mpaka pale Holili, huwezi kumjibu "hapana, mimi ni daktari". Umemuua. Unakubali, unaongeza: unaomba kitambulisho, unauliza huyo mbuzi wake pasipoti anayo. Mwanamke mmoja wa Chicago, Viola Spolin, alianza kubuni michezo ya namna hii miaka ya 1930 akifanya kazi na watoto wa wahamiaji, ambao hata lugha hawakuwa nayo moja. Mwanawe, Paul Sills, akawa mmoja wa waanzilishi wa The Second City mwaka wa 1959. Sasa fikiria Mahoo, ambapo Mtaveta, Mkamba, Mpare na Mtaita wanagombania kiti kimoja cha matatu. Malighafi tunayo, hata ya kuuza nje.

Shuleni angalau kulikuwa na tamasha la kitaifa la drama. Mwalimu anakuchagua, unapanda basi, unaigiza. Ukimaliza kidato cha nne, basi. Mimi niliingia chuo, karo ikakatika mwaka wa pili, nikarudi nyumbani, na tangu hapo jukwaa pekee nililoona ni la wanasiasa.

Na kwa wasichana ni pabaya zaidi. Nina rafiki anayenishinda mbali kwa kuchekesha. Aliigiza kwenye harambee, watu wakalia kwa kicheko. Jioni mjomba wake akamwita: aache kujiaibisha, ataolewa na nani? Siku hiyo hiyo kijana mmoja alivaa leso na kupaka rangi ya mdomo akamwigiza mamake, akatuzwa pesa. Mjomba huyo huyo alikuwa wa kwanza kutoa noti.

Kinachonishangaza ni kwamba wazee hawa ndio waliokaa mbele ya KBC miaka yote wakimwangalia Mama Kayai, yaani Mary Khavere, akimpelekesha Mzee Ojwang katika Vitimbi. Familia nzima sebuleni, hakuna aliyesema mama yule hana adabu. Kwa hiyo si kwamba hawapendi mwanamke anayechekesha. Wanampenda akiwa wa mtu mwingine.

Mimi sisubiri ukumbi wa kaunti. Tuko sita, tunakutana chini ya mwembe Jumamosi soko likifungwa, hakuna kurekodi. Rafiki yangu amemwambia mjomba anaenda mazoezi ya kwaya. Mamake anajua ukweli, na ndiye anayetukopesha viti.