Mabua ni mbolea, yasichomwe

Mahindi yakishaingia ghalani, Mbeya na Iringa hubaki na baridi, vumbi na moshi. Kipupwe cha huku ni kikali. Kule Umalila na Mufindi kuna asubuhi ambazo umande huganda juu ya majani. Mvua zilikatika Mei na hazirudi hadi Novemba au Desemba. Katika miezi hiyo wengi hulipa shamba kisogo, na wanapolirudia kulisafisha, hulirudia na kiberiti.

Hasara ya moto huo ni kubwa. Mabua yakiungua, naitrojeni na salfa hupaa na moshi. Fosforasi na potasiamu hubaki kwenye majivu, lakini upepo wa Septemba huyapeperusha, na yanayosalia kwenye miteremko husombwa na mvua ya kwanza. Kisha mkulima huyohuyo hutafuta fedha za mbolea ya dukani. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 imewapunguzia wengi mzigo, lakini urea hairudishi mboji iliyopotea. Udongo usio na masalia ya mimea haushiki maji, na mvua ikikatika kidogo tu Januari, mahindi hunyauka.

Wachomaji wana hoja yao, nayo isibezwe: funza wa mabua. Ukilipasua bua kavu mwezi Julai kwa kisu, mara nyingi utamkuta amejikunja ndani ya njia aliyoitoboa mwenyewe, akisubiri mvua ili atoke kipepeo na kutaga mayai kwenye mahindi machanga. Ila kumuua hakuhitaji moto. Mabua yakikatwa na kulazwa chini yapigwe na jua kwa wiki kadhaa, funza wengi hufa humo humo. Waliobaki humalizwa na joto la biwi la mboji.

Biwi lenyewe halina gharama ya kumtisha mtu. Mabua hukatwakatwa vipande vifupi, yakapangwa tabaka moja, juu yake majani mabichi, kisha samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku, na maji ya kulowanisha tu. Tabaka hurudiwa hadi lundo lifike kiunoni, halafu huchomekwa mti mrefu katikati na kufunikwa kwa nyasi. Baada ya wiki moja mti huchomolewa na kushikwa: ukiwa wa moto, kazi inaendelea, ukiwa baridi na mkavu, lundo linadai maji. Hupinduliwa kila baada ya wiki tatu hivi. Mboji huchukua kama miezi mitatu, na penye baridi kali huchelewa zaidi, kwa hiyo biwi la Julai ndilo linaloiwahi mvua ya Novemba. Tatizo la kweli ni mifugo inayoachiwa mashambani baada ya mavuno ikayala mabua, na hilo haliwezi kumalizwa na mkulima mmoja peke yake.

Kipupwe ndicho pia kipindi cha kupima udongo. Sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini zina udongo wenye tindikali, ambamo fosforasi hufungwa na mmea usiipate hata ukiimwaga kwa gunia. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, nayo hufanya kazi polepole. Inayomwagwa siku ya kupanda imechelewa. Wataalamu wapo karibu, pale Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Uyole, na Agosti huonekana kwenye maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Anayekwenda huko aende na maswali ya shamba lake.

Wenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, huko Iringa wanajua tayari kwamba kipupwe ni msimu wa kazi, kwa sababu ndipo wanapolima mboga na mahindi ya kuchoma. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inawataka waache mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kwa hali ya mto Ruaha Mkuu, ambao tangu miaka ya 1990 hukauka kiangazi, katazo hilo lina sababu.

Serikali za vijiji zinaweza kutunga sheria ndogo. Mikutano ya vijiji ya Juni na Julai ikubaliane mambo mawili: moto usiwashwe shambani, na mifugo isiachiwe kabla wenye mashamba hawajakusanya mabua yao. Na maafisa ugani wafike mashambani kipindi hicho, wasisubiri mvua.