Ramani ya mafuriko isiyojua siku ya soko

Vijana wenzetu,

Alhamisi tarehe 4/5/2023 ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Kalehe, na kabla kuche, Nyamukubi na Bushushu zilikuwa zimefunikwa na matope na mawe. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawajaonekana mpaka leo. Tarehe 8 nchi nzima iliomboleza. Kisha hotuba zikaisha.

Tunakataa jibu la « ni mapenzi ya Mungu ». Tunakataa pia jibu la watu wa ofisi: « wananchi ni wabishi, wanajenga kando ya mto ». Yote mawili yanafanya kazi moja tu, ya kufunga mjadala.

Wenye kusoma udongo na miamba wanatufundisha kama haikuwa maji matupu. Mlima ukishiba maji, udongo unaporomoka mu bonde na unaweza kuziba mto kwa muda. Kile kizuizi kikivunjika, maji, matope na mawe makubwa vinashuka pamoja. Na ule uwanja tambarare kando ya ziwa, wenye udongo mzuri wa kulima? Ni mto wenyewe uliuleta, mafuriko juu ya mafuriko, tangu zamani za mababu. Kumaanisha tumejenga pahali pa mto.

Lakini mwenye kusoma miamba hawezi kukuambia juu ya nini mtu anarudi pale pale kisha kuzika watoto wake. Hapo umuulize mwenye kujua historia ya mashamba ya Kalehe: huko juu kuna makonsesio na malisho makubwa, na asiye na shamba anashuka. Uulize waliokimbia vita ya milimani. Uulize mama wa soko: mitumbwi inafika pale, barabara ya kwenda Goma inapita pale. Ukimwambia « hama » bila shamba na bila soko, umemwambia afe njaa pahali pakavu. Na hakuna kompyuta yenye kujua, kama haikuambiwa, kwamba siku ya soko watu wanajaa pale kuliko siku zingine zote.

Uvira iko na shida yake. Usiku wa 16 kuamkia 17/4/2020, mto Mulongwe ulibomoa manyumba kwa masaa machache. Ziwa Tanganyika, lenyewe, linapanda polepole, miezi mizima, kama tulivyoona 2024, juu maji yake yanatokea mlango mmoja tu, mto Lukuga kule Kalemie. Mto unaomba kengele na njia ya kukimbilia. Ziwa linaomba mpango wa kuhamisha shule, visima na vyoo mbele kolera haijaingia. Wenye kupima ziwa wako Uvira hapo hapo, waganga wa kolera wako hapo, mashefu wa avenue wako hapo. Wanakutana lini? Mara nyingi ni ku maziko.

Tunadai ramani za hatari zitoke mu makabati, zibandikwe ku shule, ku kanisa na ku soko, kwa Kiswahili. Tunadai anayetia sahihi ya kuuza parseli mu njia ya mto ahukumiwe, hata akiwa mkubwa namna gani. Na mu masika, mtu apime mvua kule juu, awe na namba ya simu ya mkuu wa soko, na soko liwe na ruhusa ya kufungwa siku ile.

Sisi tunaanza na kilicho mikononi. Jumamosi, kisha salongo, shuka ku mto wa kwenu pamoja na mzee mmoja wa avenue. Akuonyeshe maji yalifika wapi na mwaka gani. Omba mwenye nyumba, weka alama ya rangi ku ukuta, andika mwaka, piga picha. Wanafunzi wa jiografia na jiolojia, mukuje na vipimo vyenu. Bamama wa soko watawaonyesha pahali watoto wanachezea.