Aliyeumwa na kupe ameze dawa au asubiri?

KILA msimu wa joto unapowadia Amerika Kaskazini, hasa kati ya Mei na Julai, swali moja huzuka upya katika familia za Wakenya waishio huko. Mtu ametoka kukata nyasi nyuma ya nyumba, au amewapeleka watoto kutembea msituni, na jioni akioga anakuta kidudu cheusi kimejibana nyuma ya goti. Anakitoa. Ngozi imesalia na wekundu kidogo. Je, akimbilie antibiotiki au atulie aone yatakayojiri?

Laonekana swali dogo. Hata hivyo, hata madaktari wa mataifa makubwa hawalijibu kwa sauti moja. Nchini Marekani kuna mwongozo unaoruhusu kidonge cha kinga katika hali fulani. Nchini Uingereza, wahudumu wa afya kwa kawaida hawapendekezi kidonge hicho; aliyeumwa huambiwa amtoe kupe, achunguze ngozi yake na arudi endapo atapata dalili.

Maradhi yanayohofiwa ni ugonjwa wa Lyme. Jina hilo ni la mji ulioko jimbo la Connecticut, ambako mnamo 1975 akina mama walishtuka kuona watoto wengi wa mtaa mmoja wakivimba magoti. Bakteria anayeusababisha aligunduliwa mwaka 1981 na mwanasayansi Willy Burgdorfer, na akapewa jina la mgunduzi huyo.

Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, hukadiria kwamba takriban watu 476,000 hutibiwa ugonjwa huo kila mwaka nchini humo. Wengi hupona wakitibiwa mapema. Wasiotibiwa wanaweza kupooza upande mmoja wa uso, kupatwa na matatizo ya mapigo ya moyo, au kuvimba goti miezi mingi baadaye.

Si majimbo yote yaliyo hatarini kwa kiwango kimoja. Ugonjwa huu umekita mizizi kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo na katika majimbo ya Minnesota na Wisconsin. Kwa sadfa, Minnesota, Massachusetts, New Jersey na Maryland ni miongoni mwa majimbo yaliyowavutia Wakenya wengi. Aliyehamia Dallas au Atlanta hana sababu ya kuhofu kiasi hicho, hata kama naye ameumwa na kupe.

Msingi wa kidonge cha kinga ni utafiti uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la New England Journal of Medicine. Ulifanyiwa Westchester, jimbo la New York, eneo ambalo kupe wake wengi wana bakteria hao. Watu 482 waliotoka kuumwa na kupe wa miguu myeusi, yule hasa aenezaye Lyme, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa miligramu 200 za doksisaiklini kwa mkupuo mmoja, dawa ambayo pakiti yake huandikwa doxycycline. La pili lilipewa kidonge kisicho na dawa.

Katika kundi lililopewa dawa, mtu mmoja kati ya 235 alipata upele wa Lyme. Katika kundi la pili, waliopata ni wanane kati ya 247.

Takwimu hizo zilipokewa kwa shangwe, na si ajabu, kwani kinga ilikuwa asilimia 87. Lakini zikisomwa kwa utulivu zina upande wa pili. Kati ya wale 247 ambao hawakumeza dawa yoyote, 239 hawakupata upele. Ili mtu mmoja aepushwe na ugonjwa, ilibidi takriban watu 36 wameze dawa, na hapo ni mahali ambapo hatari ilikuwa kubwa kuliko kwingi duniani. Waliomeza walilalamikia kichefuchefu na kutapika zaidi ya wenzao.

Jambo jingine katika utafiti huo halitajwi mara nyingi, ilhali pengine ndilo lenye manufaa zaidi kwa mtu wa kawaida. Wale wanane wote waliougua bila dawa walikuwa wameumwa na kupe wachanga waliokwisha kujaa damu angalau kidogo. Aliyeumwa na kupe ambaye tumbo lake lilikuwa bado bapa hakuugua hata mmoja.

Sababu yake yaeleweka. Bakteria huyo huishi tumboni mwa kupe. Kupe anapoanza kunyonya, bakteria huchukua muda kuamka, kuongezeka na kusafiri hadi kwenye mate ndipo waingie mwilini mwa binadamu. Aliyetolewa baada ya saa chache aghalabu huondoka bila kuacha chochote.

Ndiyo maana mwongozo uliotolewa mwaka 2020 na vyama vitatu vya madaktari wa Marekani, wa magonjwa ya kuambukiza, wa neva na wa baridi yabisi, umeweka masharti makali. Kupe awe ni yule wa miguu myeusi. Eneo liwe ni lile ambalo ugonjwa umeenea. Awe amejibana kwa saa 36 au zaidi, jambo linalokadiriwa kwa kuangalia alivyovimba au kwa kukumbuka mtu alipita wapi na lini. Fauka ya hayo, kidonge kimezwe kabla ya saa 72 kupita tangu kupe atolewe. Mtu mzima humeza miligramu 200 mara moja tu; mtoto hupimiwa kulingana na uzani wake. Sharti moja likikosekana, ushauri ni kusubiri na kujichunguza.

Hapo ndipo penye utata kwa yule anayeshuku tu kwamba ameumwa. Ameona alama, kupe hajamwona. Huenda alikuwa mbu, buibui, au upupu wa shambani. Kupe mchanga mwenyewe hazidi mbegu ya mchicha kwa ukubwa, na kuumwa kwake hakuumi. Wengi wa wagonjwa hawakumbuki kuumwa kamwe. Kwa mtu wa aina hii mwongozo hauna kidonge cha kumpa, maana hakuna kupe wa kutambuliwa wala saa za kuhesabiwa. Kwenda kupimwa damu siku ya pili nako ni kupoteza fedha, kwa kuwa kipimo hutafuta kingamwili, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Jibu la kwamba hana ugonjwa linaweza kumpumbaza.

Linalosalia ni kuitazama ngozi kwa siku 30. Upele wa Lyme hutokea siku tatu hadi 30 baada ya kuumwa, hupanuka polepole kupita sentimita tano, na mara nyingi hauwashi wala kuuma. Wekundu mdogo unaotokea siku ile ile na kutoweka baada ya siku mbili ni mwasho wa mate ya kupe tu. CDC husema upele huonekana kwa asilimia 70 hadi 80 ya wagonjwa. Ukionekana, suala la kinga limekwisha na tiba kamili inaanza: siku 10 za doksisaiklini kwa mujibu wa Wamarekani, siku 21 kwa mujibu wa Waingereza.

Hata hivyo, ushauri wa "tazama ngozi yako" uliandikwa na watu waliokuwa wakiwaza ngozi nyeupe. Picha zilizojaa vitabuni ni za duara jekundu lenye kiini, mithili ya shabaha ya mishale. Katika ngozi nyeusi upele huo unaweza kuonekana kama alama ya kahawia au ya zambarau, kama jeraha la kugongwa, au usionekane kabisa pasipo mwanga mzuri. Uchunguzi kuhusu Maryland uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba wagonjwa weusi waliripotiwa wakiwa na upele kwa nadra, huku sehemu kubwa yao wakijulikana kuugua baada ya viungo kuvimba. Yaani ugonjwa ulitambuliwa ukiwa umekomaa.

Hili halimaanishi kwamba Mkenya aliyeko Baltimore ameze dawa kila anapoona kidudu. Linamaanisha kwamba kwake kusubiri kunahitaji bidii zaidi: kuipapasa ngozi kuona kama ina joto au imevimba, kuipiga picha kila siku mahali pale pale, na kumweleza daktari waziwazi kwamba wekundu huenda usionekane. Vilevile, pale ambapo masharti yote ya mwongozo yametimia, ana sababu nzito zaidi ya kukubali kidonge kuliko jirani yake mweupe.

Si siri kwamba wengi huondoka nyumbani na mfuko wa dawa ndani ya begi: amoksilini iliyosalia, siprofloksasini ya tumbo, labda Panadol. Huduma za afya za Marekani ni ghali na asiye na bima huona afadhali ajitibu. Katika suala hili mfuko huo hausaidii. Dawa iliyothibitishwa kwa kinga ya mkupuo mmoja ni doksisaiklini pekee. Nayo ina masharti yake: imezwe kwa maji mengi na mtu asilale papo hapo, kwa sababu hukwaruza umio, isimezwe pamoja na maziwa, na huifanya ngozi iungue upesi juani. Mja mzito hana budi kuzungumza na daktari kwanza.

Wala kidonge hicho hakizuii kila kitu kiletwacho na kupe. Huko kusini mwa Marekani kuna kupe mwenye doa jeupe mgongoni ambaye haenezi Lyme, ila anaweza kumwachia mtu mzio wa nyama ya ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Kwa wapenzi wa nyama choma, hilo pengine ni pigo kubwa kuliko goti kuvimba, na hakuna antibiotiki inayolitibu.

Na hapa nyumbani? Wafugaji wa Narok, Kajiado na Laikipia huumwa na kupe mwaka mzima, na huwajua zaidi kwa ndigana kali inayomaliza mifugo. Kwa binadamu, linalopasa kuangaliwa si Lyme bali ni homa ya kupe, inayosababishwa na vimelea viitwavyo riketsia. Watafiti waliripoti mwaka 2003 kwamba walivipata katika kupe wa eneo la Maasai Mara. Dalili yake ni homa, kuumwa na kichwa na, mara nyingi, kidonda kidogo chenye kigaga cheusi pale kupe alipouma. Hapa hakuna kidonge cha kinga kinachopendekezwa. Doksisaiklini hutolewa mtu akiugua, na huleta nafuu upesi. Tatizo ni kwamba homa nchini hudhaniwa kuwa malaria, na malaria ikikosekana hudhaniwa kuwa homa ya matumbo, hivi kwamba kigaga hicho hakitafutwi.

Kiswahili chenyewe kilitofautisha jambo ambalo lugha nyingi zimelichanganya. Kupe ni yule ajibanaye kwa siku kadhaa. Papasi ni yule anayejificha kwenye nyufa za nyumba za udongo, akatoka usiku, akanyonya kwa dakika chache na kurejea mafichoni. Homa ya papasi, inayokuja na kuondoka kisha ikarudi, huletwa na bakteria wa ukoo mmoja na yule wa Lyme. Mwingereza Joseph Everett Dutton alifariki nchini Congo mwaka 1905 kwa homa hiyo hiyo aliyokuwa akiichunguza, na bakteria wake akapewa jina lake.

Kwa papasi, hesabu ya saa 36 haina maana, kwani mnyonyaji amekwisha kwenda zake kabla mtu hajaamka. Hapa ushahidi unaelekea upande wa kumeza. Utafiti wa mwaka 2006 uliohusisha wanajeshi 93 wa Israeli walioumwa na jamaa ya papasi, au waliokuwa karibu na walioumwa, uligundua kwamba kumi kati ya wale 46 ambao hawakupewa dawa waliugua. Miongoni mwa waliomeza doksisaiklini kwa siku tano, hakuna aliyeugua.

Dawa ni ile ile, wadudu ni wa ukoo mmoja, na bado uamuzi hubadilika kabisa. Kwa hivyo mwenye duka la dawa anayetoa vidonge kwa kusikia neno "kupe" tu anabahatisha. Sheria ya Kenya hutaka antibiotiki ziuzwe kwa cheti cha daktari, lakini kila mtu anajua jinsi zinavyopatikana mitaani. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba bakteria sugu walisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na eneo la Afrika kusini mwa Sahara halikusalimika.

Kwa sasa, aliyemkuta kupe mwilini ana kazi ya kufanya kabla ya kuwaza dawa. Amshike kwa kikoleo kidogo karibu kabisa na ngozi na amvute taratibu bila kumpinda. Mafuta ya taa na njiti ya kiberiti havifai, kwani humchokoza kupe na kuchelewesha kumtoa. Kisha asimtupe. Amtie kwenye chupa ndogo au amnase kwa gundi ya karatasi, na aandike tarehe, kwa kuwa daktari atataka kujua ni kupe gani na alikuwa amejaa damu kiasi gani.

Na anayerejea likizoni Desemba akiwa amevimba goti, amweleze daktari wa Nairobi au Eldoret kwamba majira ya joto alikuwa Minnesota. Asipoulizwa, ataje mwenyewe.