NASABA YA KERENG'ENDE

Akija kijana wa Musoma, Bunda au Butiama kuposa binti katika nyumba zetu za pwani, haulizwi kama anasali au hasali. Huulizwa kabila. Akishajibu huletewa kahawa na halua, huambiwa "tutatazama", na akipa mgongo tu husemwa: "Mtu wa bara, si kufu yetu." Kisha hutolewa sandukuni shajara ya mababu, mtu na babake, mpaka ng'ambo ya bahari.

Haya, enyi wazee wetu, natuitazame hiyo nasaba.

Ndani ya mwili, wa mtu na wa mdudu, mna vitu vidogo mno viitwavyo mitokondria, ndivyo viupavyo mwili nguvu. Vina vinasaba vyao mbali: 37 kwa mwanadamu, na 37 vile vile kwa kereng'ende, yule mdudu wa mabawa manne achezaye juu ya vidimbwi. Na hivyo mtoto huvirithi kwa mama. Baba hana fungu.

Wataalamu huvifuata vinasaba hivyo wajue nani jamaa ya nani. Mwaka 2016 walitoa habari za kereng'ende wa manjano, Pantala flavescens, waliyemkusanya mabara mbalimbali: wakaona vinasaba vya upande wa mama ni vya jamaa moja, bara kwa bara. Si ajabu, kwani mwaka 2009 Charles Anderson alikwisha eleza kwamba mdudu huyu huvuka bahari kutoka Bara Hindi, kwa njia ya Maldives, hata Afrika Mashariki. Kaskazi humleta, kusi humrudisha, pepo zile zile za majahazi yetu! Lakini yeye hakomi Mombasa wala Unguja. Hufuata mvua huko huko bara.

Mtu atasema: mdudu si hoja ya sheria. Kweli. Basi twende makaburini. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu 80, wengi wao wa miji ya zamani ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Upande wa baba wengi wana asili ya Uajemi. Upande wa mama, karibu wote ni Waafrika. Shajara ya sandukuni haikusema uongo, ila ilisema nusu. Mabibi zetu hawamo.

Atarudi aseme: vitabu vya fiqhi vimetaja nasaba katika kufu. Naam, vimetaja. Lakini wanazuoni hao hao wamesema kufu ni haki ya mwanamke na walii wake; wakiridhia, ndoa ni sahihi. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimshauri Fatima binti Qays, Mkureishi, aolewe na Usama bin Zayd, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru. Je, nyinyi mna ukoo kuwashinda Makureishi?

Binti ameridhia. Kijana wa Musoma yuko nyumba ya wageni siku ya nne, anangoja jibu. Mwiteni, mara hii mumuulize sala yake.