Mbwa wa Kiwanjani Hafuati Mwizi Kinamasini

Nyumba inapovunjwa usiku kijijini, na mbwa wa polisi akaletwa asubuhi, husikika maneno ya namna mbili tu. Mbwa akifika mlangoni pa mtu, umati hupiga kelele kwamba mnyama yule hasemi uongo. Akizungukazunguka na kurudi alikoanzia, husemwa kuwa mbwa wa Serikali anakula nyama bure. Maneno hayo yote hayana haki, na sisi tulio katika kazi ya ulinzi tusiyakubali.

Mbwa hana uchawi. Seli za kunusia katika pua yake hukadiriwa kuwa milioni 200 hadi 300, hali binadamu anazo kama milioni 5 au 6. Kila mtu atembeapo hudondosha vipande vya ngozi visivyoonekana kwa macho, na mguu wake huponda majani na kutibua udongo. Mchanganyiko huo ndio unaofuatwa na mbwa. Lakini harufu hiyo haikai mahali pote kwa namna moja, na hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Kwenye nyasi zenye umande harufu hudumu kwa saa nyingi. Juu ya lami iliyochomwa na jua la mchana hupotea upesi, na upepo wa magari huisukuma hadi ukingoni, ambako majani huishika. Bondeni hutuama kama moshi wa jikoni. Mlimani hewa hupanda mchana na kushuka usiku, nayo harufu huchukuliwa pamoja nayo. Mtoni hukatika, na kiongozi wa mbwa hana budi kupita kingo zote mbili, juu na chini, mpaka mbwa aiokote upya.

Tazama sasa nchi yetu ya Uganda. Katika mwendo wa saa moja mhalifu aweza kupita shamba la migomba, kinamasi cha mafunjo, barabara ya udongo mwekundu, na kutokea kwenye maduka penye lami. Je, mbwa aliyefunzwa juu ya majani yaliyokatwa vizuri ya kiwanja cha kambi atamfuata? Hatamfuata. Naye hana kosa, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha.

Mafunzo huanza na yaliyo mepesi. Mtu hutembea hatua 50 au 100 moja kwa moja juu ya majani mafupi, upepo ukitoka nyuma. Vipande vya nyama huwekwa katika nyayo zake, na mwisho wa njia huachwa kofia yake. Kisha huongezwa kona. Kisha nyayo huachwa zilale nusu saa, saa moja, saa kadhaa. Kisha mtu mwingine hukatiza njia. Baada ya hayo ndipo ardhi ibadilishwe, na kila ardhi mpya ianzwe tena kwa njia fupi iliyopitwa punde hivi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mbwa aliyeweza nyayo za saa tatu majanini hupelekwa lamini kwa nyayo za saa tatu, na akishindwa huchapwa. Mbwa aliyechapwa juu ya nyayo hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuziogopa nyayo.

Kiongozi naye lazima afunzwe. Mara nyingi asiambiwe njia ilikopita, kwani akijua, mkono wake utaivuta kamba bila yeye kukusudia, na mbwa atafuata mkono badala ya harufu. Kazi yake ni kukaa nyuma, kulegeza kamba, na kuusoma mwili wa mnyama: kichwa kinapoinuka, mkia unapobadilika, mwendo unapopungua.

Najua wakubwa watasema kwamba mbwa ni wachache na kazi ni nyingi. Ni kweli. Lakini njia ya mafunzo kinamasini haihitaji fedha za kigeni. Yahitaji miguu ya mtu, kamba, na asubuhi moja. Jirani zetu wa Congo walianza mwaka 2011 kutumia mbwa wa aina ya bloodhound kuwafuata majangili katika Hifadhi ya Virunga, nchi ya msitu, mbuga na mawe ya volkeno. Huko kiwanja cha kambi kisingewafaa kitu.

Askari asiye na mbwa pia ana wajibu. Yule anayefika wa kwanza mahali pa uhalifu awazuie watu, asikanyagekanyage, wala asiokote kitu kilichoachwa na mwizi. Buti 20 zilizopita mlangoni huharibu kazi ya miezi mingi.

Jambo kubwa kuliko yote ni haki. Mwaka 1967 mahakama nchini Kenya ilionya kwamba ushahidi wa mbwa upokewe kwa hadhari, baada ya kuthibitishwa ujuzi wa kiongozi na uhodari wa mbwa mwenyewe. Basi kila zoezi liandikwe daftarini: ardhi, saa, hali ya hewa, na kushindwa pia. Daftari lenye ushindi mtupu halimwambii hakimu ukweli. Na mbwa anaposimama mlangoni pa mtu, huo ni mwanzo wa upelelezi, si hukumu. Umati wenye mawe haungoji mahakama, na mlango ule waweza kuwa wa mtu aliyepita njia hiyo akienda kuteka maji.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tukitaka mbwa atufikishe kwa mhalifu wa kweli, na twende naye matopeni leo, kabla mwizi hajatutangulia huko.