CHETI CHA MSIMAMIZI NA MIAKA YA NYAPARA



Mwezi uliopita mtu mmoja wa makamo aliingia katika ofisi ya tawi, akaketi kwa muda mrefu bila kusema neno. Wengi wenu wa kazi ya nyumba na barabara mmepata kuwa chini yake. Miaka kumi na sita amekuwa nyapara. Ndiye apokeaye ramani asubuhi, ndiye agawaye watu, na ukuta usipopanda ndiye aulizwaye na mwenye mali. Nafasi ya msimamizi wa mradi ilipopatikana mahali pake pa kazi aliiomba, akaambiwa kwamba hana cheti. Nafasi akapewa kijana aliyekuja juzi, ambaye ni yeye ndugu huyu aliyemfundisha kusoma ramani. Akatuuliza: "Cheti gani hicho? Na mtu kama mimi anaweza kukipata?"

Kijana hatumlaumu. Alisoma, akalipa, akafanya mtihani, akapita. Lakini swali la ndugu yetu ni swali la watu wengi, nalo yafaa lijibiwe hapa katika gazeti letu, si kwa kunong'onezana katika kibanda cha chai.

Cheti kinachotajwa sana siku hizi katika matangazo ya kazi kinaitwa PMP. Hutolewa na chama cha wasimamizi wa miradi cha Marekani, Project Management Institute, kilichoanzishwa mwaka 1969. Si cheti cha Serikali yetu, wala si kama zile gredi za ufundi ambazo wengi wenu mmezifanyia mtihani kwa nyundo na randa. Huu ni mtihani wa maswali, nao hufanywa kwa kompyuta.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ndugu zetu hawaambiwi. Mtihani huu hauangalii shule peke yake. Kwa masharti ya mwaka 2021, mwenye digrii ya miaka minne alitakiwa aonyeshe miezi 36 ya kuongoza miradi. Aliyeishia sekondari alitakiwa aonyeshe miezi 60. Wote wawili walitakiwa wawe na saa 35 za mafunzo. Basi asiye na digrii hakufungiwa mlango. Alidaiwa miaka mitano ya kazi, na miaka hiyo wengi wenu mnayo hata zaidi.

Taabu ni kwamba mnayo kichwani, hamnayo katika karatasi. Fomu yataka kila mradi uandikwe: ulianza lini na kuisha lini, ulikuwa wa kujenga nini, watu wangapi, na wewe uliongoza nini ndani yake. Miradi miwili iliyokwenda pamoja katika mwezi mmoja huhesabiwa mwezi mmoja tu. Na tena maombi mengine huchaguliwa yakakaguliwe, na hapo huna budi kuleta sahihi ya mtu aliyejua kazi yako. Utampata wapi, ikiwa mkandarasi alikwisha funga kambi na kwenda kwao? Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017. Kati ya watu wetu walioongoza vikosi pale, wangapi walidai barua siku ya kuondoka? Twawaomba kuanzia leo kila nyapara awe na daftari, na kila kazi ikiisha adai barua yenye sahihi kabla hajapokea mshahara wake wa mwisho.

Wako na watu mjini wanaouza miezi ya uongo. Watakuandikia miradi ambayo hukuiona hata kwa macho, na watakuuzia maswali wanayodai yameibwa. Epukaneni nao. Chama kinachotoa cheti kina kanuni yake ya mwenendo yenye mambo manne: kuwajibika, heshima, haki na ukweli. Atakayegunduliwa ameandika uongo atapoteza ada yake na jina lake. Na kusema kweli, nyapara wa miaka kumi na sita ana haja gani ya kununua uongo?

Juu ya mtihani wenyewe. Ule ulioanza Januari 2021 ulikuwa na maswali 180 kwa dakika 230, yaani kama dakika moja na robo kwa kila swali. Maswali matano hayakuhesabiwa, bali hakuna ajuaye ni yapi. Kulikuwa na mapumziko mawili ya dakika kumi, baada ya swali la 60 na la 120, na ukisha kwenda kupumzika huwezi kurudia ya nyuma. Jibu baya halikupunguza kitu, kwa hivyo kuacha swali tupu ni ujinga. Chama hicho hubadili mtihani kila baada ya miaka michache, na mabadiliko mengine yalitangazwa kwa ajili ya mwaka 2026. Basi kabla hujatoa shilingi yako kununua kitabu, uliza kwanza kitabu hicho ni cha mtihani upi.

Nasema haya kwa uchungu, maana kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe. Nilinunua kitabu kando ya njia kwa bei nafuu. Kilikuwa kimefuata mwongozo wa mwaka 2017, wenye hatua 49 za usimamizi, nami nikazikariri zote 49 kama mtoto akaririvyo hesabu ya kuzidisha. Wakati huo mwongozo wa mwaka 2021 ulikuwa umekwisha toka, nao ulikuwa umeiacha ile orodha na kushika kanuni 12. Nilipoketi mbele ya kompyuta hakuna aliyeniuliza hatua ya ishirini na tatu ni ipi. Niliulizwa ningefanya nini. Nilianguka. Kwa bahati njema mtu aliruhusiwa kujaribu mara tatu katika mwaka mmoja, ila kila mara kwa ada, na ada hiyo si ya kuchezea: ni mamia ya dola.

Huko ndiko kuliko na ugumu wa mtihani, na ndiko nyapara ana faida na hasara pamoja. Chukueni mfano huu. Bibi wa mwenye nyumba aja mahali pa kazi, asema mlango huu usogezwe upande ule. Utafanya nini kwanza? Wengi wetu tutausogeza, maana tunataka amani. Wengine watamwambia hapana. Mtihani hautaki lolote kati ya hayo. Wataka kwanza utazame kusogeza mlango kutaongeza siku ngapi na shilingi ngapi, kisha upeleke habari kwa wenye mamlaka ya kukubali mabadiliko, na wakikubali uandike katika mpango, ndipo fundi ashike nyundo. Neno la kuangalia ni lile "kwanza". Mara nyingi majibu yote manne ni mambo mazuri, ila moja tu ndilo la kuanzia.

Au fundi wako hodari amechelewa siku tatu mfululizo na kazi imeharibika. Tumezoea nini? Kelele mbele ya watu, na kukatwa mshahara. Katika mtihani jibu hilo ni kosa. Unatakiwa umwite kando, umwulize ana shida gani, na kumwondolea kizuizi ikiwezekana. Kiongozi huhesabiwa kuwa mtumishi wa watu wake. (Nilipolisoma jambo hili niliwaza kwamba kuna matajiri wengine ambao wangelazimishwa kuufanya mtihani huu kila mwaka.) Kwa hivyo usijibu kama tajiri wako afanyavyo. Jibu kama vile ungependa afanye.

Hesabu nazo zimo, ingawa si nyingi, na wengi huziogopa bure. Tuseme mkandarasi amepewa kujenga nyumba 10 kwa miezi 10, kila nyumba shilingi milioni moja. Mwisho wa mwezi wa tano karani atazama vitabu vyake: pesa zilizopangwa kutumika hadi leo ni milioni tano, na zilizotumika ni milioni tano. Karani amwambia tajiri mambo ni sawasawa. Lakini nyapara ajua kwamba nyumba zilizosimama ni nne tu. Basi kazi iliyofanyika ina thamani ya milioni nne, nayo imekula milioni tano. Gawa nne kwa tano, utapata 0.8. Maana yake kila shilingi iliyotoka imezaa kazi ya senti 80. Mambo yakiendelea hivyo, nyumba 10 zitamaliza milioni 12 na nusu badala ya kumi. Hiyo ndiyo hesabu ambayo vitabu huieleza kwa kurasa arobaini. Nyapara aliijua tangu mwezi wa pili, hakuulizwa tu.

Na ile habari ya njia ndefu ya kazi ni vivyo hivyo. Msingi hauna budi kutangulia ukuta, na ukuta utangulie paa. Msingi ukichelewa siku mbili, nyumba nzima itachelewa siku mbili. Lakini rangi ya lango inaweza kungoja wiki nzima, isimdhuru mtu. Kujua ni kazi ipi haiwezi kungoja na ipi inaweza, ndiyo sehemu kubwa ya somo la mpango wa siku.

Kuna somo moja ambalo litakuwa geni kwa watu wa kokoto na simiti. Karibu nusu ya maswali ya mtihani wa 2021 yalihusu namna nyingine ya kazi, ambayo mpango haukamilishwi mwanzoni, bali watu hufanya sehemu ndogo kwa wiki mbili hivi, humwonyesha mwenye kazi, husahihishwa, kisha huendelea. Namna hii ilienezwa na watengenezaji wa programu za kompyuta. Kumi na saba kati yao walikutana Utah, Marekani, mwaka 2001 wakaandika kanuni zake. Msiidharau kwa sababu nyumba haijengwi hivyo. Hapa ndipo wazee wa kazi huangukia.

Kizuizi kingine ni lugha. Kiswahili hakimo katika lugha za mtihani. Mtu anayeijua kazi kwa Kiswahili, na ambaye huamuru watu kwa Kiswahili mchana kutwa, hana budi kuijibu kwa Kiingereza huku saa ikikimbia. Dawa tuliyoiona ikifaa ni kusoma pamoja. Mtu mmoja husoma swali kwa sauti, wa pili hulieleza kwa Kiswahili, wa tatu husema angefanya nini kazini, kisha wote huangalia jibu na kuuliza kwa nini. Maswali ishirini kwa jioni moja, yakijadiliwa namna hiyo, hushinda mia mbili anayopitia mtu peke yake ndani ya matatu. Mwisho wa majuma, mtu ajizoeze kuketi na maswali 60 kwa dakika 76 bila kuinuka, maana mgongo nao wahitaji mazoezi.

Juu ya mahali pa kufanyia: mtihani waweza kufanywa katika kituo au nyumbani mbele ya kompyuta yenye kamera. Nyumbani hatupashauri. Chumba chatakiwa kiwe na mtu mmoja tu, asiingie mwingine hata mtoto. Wangapi wetu wana chumba cha namna hiyo? Na stima ikipotea je? Nendeni kituoni, na majina katika fomu yawe sawasawa na yale ya kitambulisho chenu, herufi kwa herufi. Vijana ambao hawajaongoza kazi bado wanaweza kuanza na cheti cha chini cha chama hicho hicho, CAPM, ambacho huombwa na aliyemaliza sekondari akiwa na saa 23 za mafunzo, bila kudaiwa miezi ya uongozi.

Tumefika kwenye pesa. Chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwanda, mwajiri hulipa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, na pesa hizo huenda kwa mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA. Ni mzigo wa mwajiri, si makato ya mshahara wako. Mwenye wafanyakazi 200 hutoa shilingi 120,000 kwa mwaka, naye akiomba kibali mapema aweza kurudishiwa gharama ya mafunzo yaliyokubaliwa. Basi tajiri anayekuambia huna cheti, muulize kwa adabu: ni nani katika kampuni amepelekwa mafunzoni kwa pesa hizo tangu mwaka juzi? Mara nyingi ni watu wa ofisini peke yao. Maoni yetu ni kwamba saa za mafunzo, ada ya mtihani wa kwanza, na siku ya mtihani yenye malipo, ziandikwe katika mapatano yajayo ya kazi kama vile likizo iandikwavyo. Mwajiri akitaka cheti, na achangie cheti. Na cheti kikishapatikana hakidumu bila kutunzwa: hutakiwa saa 60 za kujiendeleza katika kila miaka mitatu, nazo pia zina gharama.

Yule ndugu wa miaka kumi na sita amekwisha nunua daftari. Ameandika miradi saba, na kwa mitano kati ya hiyo amempata mtu wa kutia sahihi. Wawili waliobaki anawatafuta kwa simu. Darasa la kusoma pamoja litakutana katika ofisi ya tawi kila Jumanne na Alhamisi baada ya kazi. Watakaotaka kuingia wampe katibu wa tawi majina yao, waje na orodha ya kazi walizoziongoza, hata kama ni ya penseli. Viti ni vichache. Mwenye stuli nyumbani na aje nayo.

MHARIRI