TAHARIRI: KURA ILIYOMGHARIMU MULIRO



Hapa Shieywe jina la Masinde Muliro tunalitaja kila siku. Bustani yetu ya mikutano mjini Kakamega inaitwa kwa jina lake, na chuo kikuu chetu vilevile. Lakini jina likizoeleka mno, maana yake husahaulika.

Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima. Mpiga kura alipimwa kwa elimu, mapato na mali. Huyu akapata kura moja, yule tatu. Kwa mizani hiyo iliyopinda, Nyanza Kaskazini, iliyotawaliwa kutoka hapa Kakamega, ilimchagua Muliro, mwalimu aliyesomea Cape Town na kuuona ubaguzi wa rangi kwa macho yake. Yeye na wenzake saba hawakushika silaha. Walikataa uwaziri katika serikali ya kikoloni, wakadai viti zaidi, wakabishana hadi Lancaster House. Uhuru ukapatikana mwaka 1963.

Hata hivyo, tusimfanye malaika. Novemba 1964 chama chake, KADU, kilijivunja na kujiunga na KANU, naye akaingia. Hapakuwa na sheria iliyowalazimisha. Kifungu cha 2A, kilichoharamisha vyama vingine, kilitungwa mwaka 1982. Sheria ilikuja kuthibitisha tu kile ambacho watu wema walikuwa wameanza kukikubali kwa jina la umoja.

Muliro alijirudi. Mwaka 1975, Bunge lilipojadili ripoti kuhusu kuuawa kwa J. M. Kariuki, yeye akiwa waziri alipiga kura dhidi ya serikali yake mwenyewe. Akafutwa kazi. Agosti 1991 alikuwa miongoni mwa waasisi sita wa FORD, na Desemba mwaka huo kifungu cha 2A kikaondolewa. Alifariki tarehe 14 Agosti 1992, miezi minne kabla ya uchaguzi wa vyama vingi alioupigania.

Wanamageuzi na waumini wenzetu, kutotumia nguvu si kunyamaza. Ni kusema hapana na kuilipa gharama yake wewe mwenyewe, si kumlipisha jirani kwa kuchoma duka lake. Tena upinzani hauuawi kwa amri pekee. Hufa pia viongozi wake wanapokaribishwa mezani, nasi tukashangilia kwamba mtu wetu naye amepata.

Basi kila anayekuja kutuomba kura tumwulize swali moja: siku dhamiri yako na cheo chako vitakapogombana, utakiachilia kipi? Nayo makanisa yetu yaendelee kuombea amani, lakini yasiombee ukimya.

Mungu atujalie ujasiri huo.